Mama Nelly Hasaini Vitu 46 Ambavyo Havipo
Na Mihayo Charles, fundi wa makabati na rafu

Tarehe 14 Agosti 2025, saa tano asubuhi, vitu 46 vilitolewa katika Makumbusho ya Sanaa za Mikono za Meksiko, hapa Kalangalala, vikapakiwa kwenye pikapu. Tuliambiwa vinakwenda kukarabatiwa. Hadi leo hakijarudi hata kimoja. Na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, mtunzaji wa makumbusho hayo, Bi. Asteria Bujiku, anastaafu baada ya miaka 31.

Mama Nelly, kama tunavyomwita, aliingia mwaka 1994 akiwa mfagiaji. Mtawa kutoka Meksiko aliyefundisha ufinyanzi hapa Geita alikuwa ameondoka, akaacha masanduku ya vinyago, vyungu, vitambaa vya kutarizi na sanamu za mifupa inayocheza ngoma. Watu walipita mbali, eti uchawi. Yeye akafungua sanduku la kwanza, akaandika namba 1. Alipofika 615 alikuwa tayari mtunzaji, na hakuna aliyembeba.

Wafugaji kutoka Kharumwa aliwaeleza kwa Kisukuma kwamba Wameksiko huwaandalia marehemu wao chakula kila Novemba. Mzee mmoja akaangua kicheko: "Kumbe na wao wana masamva!" Mizimu ya ukoo, yaani. Mwezi uliofuata alirudi na wakwe zake wote.

Mwaka 2003 tulipeleka maonyesho Songwa. Kwenye fomu ya mzigo mwenzetu aliandika "mafuvu 19", basi, hakusema ya nini. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walifungua sanduku, wakarudi nyuma hatua tatu. Tulieleza saa nzima, wapi! Mama Nelly akachukua fuvu moja, akalimega kwa meno, akatafuna. Lilikuwa la sukari. Tukaruhusiwa. Kesho yake aliandika daftarini: "Na. 212, fuvu la sukari, limemegwa na mtunzaji."

Mtu wa namna hiyo ndiye anayetakiwa leo kusaini makabidhiano ya vitu 615, wakati rafuni viko 569. Akisaini, siku vikiulizwa mwizi ni yeye. Amekataa. Kamati ya usimamizi ikamtuma dereva wake, Mwigulu, ambembeleze.

"Mama Nelly, sanamu hazina miguu. Zitakwenda wapi?"

"Ndiyo maana nataka jina la aliyezibeba."

Nasi wenzake tisa tulioitwa kuwa mashahidi, hatusaini.

Mama Nelly, wabeja sana, asante. Umetufundisha kazi bila kutudharau. Tunakuombea magoti yasiyouma, mvua ya kutosha shambani na wajukuu wenye kelele nyingi.

Kamati, barua zetu tatu mnazo: ya Agosti, ya Septemba na ya Oktoba. Ya nne hatuandiki. Vitu 46 viko wapi, na nani aliagiza vitolewe? Tunataka jibu la maandishi, lenye jina na sahihi, mezani kwa Mama Nelly kabla ya saa tisa alasiri, Ijumaa hii.