Sura Niliyotakiwa Kuikana

Ndugu zangu, mniruhusu niseme machache. Wageni mlio nasi leo hamjui kilichonipata katika ukumbi huuhuu. Nitakieleza kwa utaratibu, bila kumtaja mtu.

Desturi yetu ni kwamba mwanafunzi anayekaribia kumaliza chuo husimama mbele, akataja anachosomea, akaombewa. Mhandisi husema "madaraja", tunaitikia amina, anaketi. Zamu yangu ilipofika ningeweza kusema "maandishi ya Kifaransa", nikaketi. Lakini jibu fupi niliona ni nusu ya uongo. Nikaeleza kwamba tasnifu yangu inafuatilia kazi ya mwandishi mmoja mwanamke wa Ufaransa: alivyoanza na makala za magazetini kuhusu mishahara ya wanawake na vipigo vya majumbani, akaingia kwenye vitabu, kisha akatumia miaka iliyobaki kudai kwamba sheria ya nchi isitungwe na dini yoyote. Nikaongeza, kwa kuwa ni kweli, kwamba yeye mwenyewe hakuwa na dini.

Amina haikuja.

Mtu alikuwa akinirekodi. Kabla ya jioni sauti yangu ilikuwa imezunguka katika makundi ya simu, ikiwa imekatwa mahali pabaya, kana kwamba maneno ya mwandishi yule ni yangu. Ujumbe mmoja, kutoka namba nisiyoijua, ulisema: "Tunajua unashukia teksi wapi pale Warwick." Nikakaa nikijiuliza: hao wanaojua ni wangapi? Wanajua na saa?

Nikaacha kwenda chuo. Sura ya mwisho, inayohusu miaka ambayo mwandishi yule naye alitishiwa kuuawa, ilibaki katikati ya sentensi. Msimamizi wangu akanionya: nisipoiwasilisha kabla ya muhula kwisha, usajili wangu unakoma, na kibali cha kuishi hapa kinakoma nao. Wazee wetu wa kanisa, kwa nia njema, wakataka Jumapili nisimame niikane sura hiyo, mambo yatulie. Nikakubali. Nawaambia, tamko lile la kuikana nililirekebisha kuliko sura yoyote ya tasnifu.

Jumapili ikafika, nikasimama. Malori ya mtaa huu wa Clairwood yalikuwa yakinguruma nje. Nikayashukuru kwa kunipa sababu ya kusubiri. Ndipo akainuka mama anayenipangisha chumba kule Sydenham, msusi.

"Mbele asome ile karatasi, kwanza miye niko na swali. Huyu mwanamuke wa Ufaransa, wakati walikuwa wanamutisha, nani alikuwa anabaki naye ku nyumba?"

"Sijui, mama. Vyanzo vyangu havisemi."

"Miaka yote unamusoma, haujue kama alikuwa na mutu wa kumupikia?"

Mzee mmoja akaingilia: "Mama, hoja si chakula. Huyo mwanamke anaipinga dini."

"Eish, papa! Siku zote unalala ku mahubiri, leo umeamuka juu ya mwanamuke wa Paris?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Maneno yake miye siyapende. Lakini huyu ni mutoto ya nyumba yangu. Mwenye kumutisha, anitishe na miye."

Ndugu mmoja akaniuliza, bila hasira, "Sasa nchi ikitenga dini, dada, sisi tutasali wapi?"

"Hapahapa," nikasema. "Sisi ni wageni katika nchi hii, na hakuna afisa aliyetuuliza tunamwabudu Mungu vipi kabla hatujaingia humu. Hilo ndilo alilolidai mwandishi yule. Si yote aliyoandika ninayakubali; zipo makala ambazo nadhani ziliwaumiza wanawake aliosema anawatetea, na hilo nalo limo katika sura. Siwezi kuikana."

Nikaketi, tamko likiwa mkononi bila kusomwa. Baadhi ya watu walitoka. Hawajarudi, na bado linaniuma.

Kesho yake mama yule alichelewa kufungua saluni ili anivushe Warwick hadi lango la chuo. Siku iliyofuata akaja dada mwingine, kisha mwingine. Sura niliimalizia, ikawasilishwa, na imepita.

Nawashukuru nyote, hasa mlionisindikiza huku mkinibishia njia nzima. Nililojifunza ni hili: mwenzenu akitishwa, msingoje kwanza kukubaliana naye. Nendeni mkakae naye. Ubishi mtaufanya mkiwa mmeketi pamoja.