Mishono ya Mama Bado: Fundi Aliyeipandisha Kliniki Milimani

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha ushonaji cha hospitali yetu, fundi mkuu wa cherehani anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Ofisi ya utumishi inamjua kwa jina lake kamili. Kwetu sisi ni Mama Bado. Ukimuuliza kama kazi imekwisha, hata kama unaiona imekunjwa mezani, jibu lake ni hilo hilo, naye huigeuza nguo ndani nje na kuanza kuvuta mishono.

Aliajiriwa kushona mashuka, mapazia ya wodi na sare za wauguzi. Chumba chake kiko nyuma ya chumba cha kufulia, kina dirisha moja, cherehani mbili na pasi ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Wageni wengi huingia pale wakitafuta maabara. Wanatoka wameelekezwa njia, na kifungo kilichokuwa kinaning'inia kimeshashonwa.

Kazi iliyomjengea jina ilianzia migongoni mwa wapagazi. Wakati ule timu ya kliniki tembezi ilibeba hema la turubai kupanda vijiji vya milimani, mahali gari haliendi. Hema lilikuwa zito kuliko dawa zote. Wapagazi wawili wakakataa, wa tatu akaumia mgongo, na safari zikaanza kuahirishwa. Muuguzi mkuu akaingia chumba cha ushonaji kuuliza kama hema jepesi linaweza kushonwa hapa hapa. Mama Bado akasema linaweza. Hakuwahi kushona hema maishani mwake.

Alianza kwa kufumua mwavuli wa mumewe ili aone nailoni imeungwaje. Mzee alilowa msimu mzima wa mvua bila kulalamika. Mzee mwenyewe anasema alilalamika, ila cherehani ilikuwa inapiga kelele.

Hema la kwanza lilikuwa jepesi kama karatasi, na likapasuka safari ya kwanza. Upepo uliuchana mshono wa paa mwanzo hadi mwisho. Timu ikarudi imelowa chepechepe, na akina mama waliotembea nusu siku na watoto mgongoni wakarudi bila chanjo. Mganga mkuu akaitisha kikao. Alikuwa ameshaamua: turubai litarudi, na vijiji vya juu vitasubiri mpaka barabara ijengwe.

"Barabara hiyo nimeanza kuisikia sijaolewa," Mama Bado alimwambia. "Daktari, kosa ni langu, si la nailoni. Nipe mwezi mmoja."

Akapewa.

Alilitandaza hema lile sakafuni akalikagua kwa vidole. Kitambaa chenyewe kilikuwa kizima. Kilichochanika ni pale alipopitisha sindano nene, tena kwa hatua fupi zilizobanana, hadi nailoni ikajaa matundu na kukatika kama karatasi ya stempu. Uzi wa pamba nao ulikuwa umenyonya maji. Akachukua sindano nyembamba na uzi wa polista, akarefusha hatua za cherehani. Kisha akashona vipande kwa mishono ya aina mbalimbali, akavitundika kwenye fremu ya mlango na kuvifungia ndoo za mchanga. Mshono wa kawaida, wa mstari mmoja, ulifumuka kwa ndoo ya kwanza. Ulioshinda ni ule wa ubavuni mwa suruali ya jinzi: kingo mbili zinakunjwa zikakumbatiana, halafu zinapigwa mistari miwili, hivyo uzi haubebi mzigo peke yake. Mlinzi wetu, mtu mwenye kilo zake, akaombwa aketi kwenye kipande hicho kama bembea. Mshono ukamshika. Kilichong'oka ni fremu ya mlango.

Safari iliyofuata alipanda mlima mwenyewe, hema mgongoni, akikataa kupokewa. Mchana, foleni ya akina mama ikiwa ndefu, mvua ikashuka na upepo wake. Watu wote wakajazana ndani. Kigingi kimoja kikachomoka kwenye tope, kona ikaanza kupigapiga, na Mama Bado akatoka nje akaishika kamba kwa mikono miwili.

"Achia, mama, utaumia!" muuguzi alipaza sauti.

"Siachii! Wewe chanja!"

Muuguzi akachanja. Mvua ilipokatika, viganja vya Mama Bado vilikuwa vimechubuka, watoto wote wa foleni ile walikuwa wamepata chanjo, na hakuna mshono hata mmoja uliofunguka. Maji yalipenya kidogo tu kwenye matundu ya sindano. Njia nzima ya kurudi hakuzungumzia mikono yake. Alizungumzia matone hayo. Tangu hapo kila mshono wa paa hupakwa gundi, na mkunjo wake hutazama chini ili maji yateleze.

Hakuna tena safari ya milimani iliyofutwa kwa sababu ya hema. Baadhi ya watoto waliochanjwa siku ile sasa wanaleta watoto wao. Na mafundi aliowafundisha wanakumbuka jinsi alivyofumua kazi zao bila huruma, kisha akawamiminia chai.

Wiki iliyopita mafundi wawili wanaobaki walimletea hema walilolishona peke yao, tangu kukata hadi gundi. Alilivuta mshono kwa mshono, kwa nguvu zake zote, hadi uso ukamwiva. Hakufumua hata mmoja. Kisha akalikunja, akalibeba hadi kwenye gari la kliniki na kumkabidhi dereva.

"Hili limeshonwa na wenzangu," alisema. "Pandeni nalo."

Mama Bado, asante kwa mikono yako na kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya njema, mapumziko marefu pamoja na mzee, na usingizi ambao upepo ukivuma hautakuamsha.