Ukuta wa Mama Nabalayo, Wodi ya Sita

Jumanne tarehe 14 Februari 1967, kati ya saa tatu na saa sita, Wodi ya Sita, ya wagonjwa wa akili, ilipoteza ukuta wake wa nyuma. Haukuanguka. Ulipakwa chokaa, madebe manne, na michoro 63 ya wagonjwa ikazama chini yake kwa sababu eti mgeni alikuwa anakuja kukagua. Karatasi ya kutoa chokaa stoo ina sahihi yangu. Aibu hiyo nimeibeba miaka kumi na mmoja. Leo naitua, kwa maana mwenye ukuta anastaafu.

Mama Beldina Nabalayo anatuaga Ijumaa tarehe 30 Juni 1978, baada ya miaka 18, miezi 10 na siku 27. Aliajiriwa mfagiaji. Anastaafu mfagiaji. Hapo sijamaliza.

Mwaka 1961 aliona wagonjwa wasiosema neno wakichora kwa kidole juu ya uji uliomwagika. Hakuwafokea. Alileta udongo mweupe, mwekundu na mweusi, akakandika ukuta kama akina mama wanavyokandika nyumba kwao, akawaacha wachore. Maana ya mchoro hakumuuliza mtu. Aliuliza tu kama udongo umetosha. Mimi, mtu wa stoo, nikamdai risiti. "Bwana Stoo," akanijibu mbele ya wodi nzima, "huu nimeuchimba kule Mamboleo kwa jembe langu. Risiti kamuulize fuko." Walicheka hata ambao hawakuwa wamecheka tangu waletwe.

Dishon, ambaye ameniruhusu nimtaje, alikuwa fundi wa nyumba huko Nyakach. Ziwa lilipopanda mwaka 1963 lilichukua nyumba aliyoijenga mwenyewe, mkewe akiwa ndani. Aliletwa kwetu Oktoba 1965, akakaa miezi 16 bila kutamka neno. Kila siku alichora nyumba ileile, maji hadi kwenye paa. Nayo ilikuwa chini ya chokaa.

Siku ile ya chokaa Mama hakuwa kazini. Kesho yake tulimngoja kwa hofu, mimi zaidi, nimejificha nyuma ya mlango wa stoo. Alitazama ukuta, akaweka kikapu chini. "Ukuta ukichakaa hukandikwa upya. Nani ananishikia ndoo?"

Dishon akainuka. "Lete," akasema.

Neno moja tu, la kwanza tangu aletwe. Siku hiyo alichora maji yakiishia dirishani. Baada ya wiki tatu yalikuwa nje ya ua. Mwezi wa nane alirudi kwao, na kila kiangazi hutuletea magunia mawili ya udongo mwekundu kutoka Pap Onditi, huko kwao Nyakach.

Tangu hapo nimehesabu: wagonjwa 118 wamechora, 81 wameenda nyumbani na hawajarudishwa. Mimi si daktari, sijui dawa ilifanya kiasi gani na udongo kiasi gani. Ninachojua ni kwamba daktari mwenyewe siku hizi hupita ukutani kabla ya kufungua faili.

Mwezi uliopita tulisikia nyuma ya wodi patajengwa banda la magari ya wakubwa wanaokaa mtaa wa Milimani. Wiki hii barua ya Ofisi imetoka: ukuta unabaki. Tumepumua. Matroni aliimba koridoni, na sauti yake mnaijua.

Mama, asante. Umetufundisha kukaa na mtu bila kumharakisha. Dishon ametangulia kwenu kukujengea jiko, ila kuta ameziacha bila kuzipaka kwa sababu anaogopa utamkosoa. Nenda salama, upake za kwako sasa, taratibu, na miaka yako iliyobaki iwe mingi kuliko uliyotupa.

Nanyi wa Ofisi, nina swali kwenu. Barua haisemi ndoo atashika nani. Dorca amefundishwa na Mama miaka sita, na kwenye orodha yenu naye ni mfagiaji. Je, mtampa ukuta uwe kazi yake, iandikwe hivyo kwenye faili yake? Ndiyo au hapana. Jibu libandikwe ubaoni kabla ya saa sita mchana, Ijumaa hiyohiyo ya kuagana. Saa sita kamili Mama anakabidhi ndoo, na lazima kuwe na mtu wa kuipokea.

Walter Wepukhulu, Stoo