Ile Nyama Yangu Ilisema Nini?

Wapendwa wa kikundi hiki cha wagonjwa, mmezoea kuniita profesa na kunipa kiti cha mbele. Leo niacheni nisimame kutoa ushuhuda kama nyinyi mnavyosimama.

Kazi yangu ni saratani za ngozi, zile adimu ambazo daktari anaweza kustaafu bila kuziona. Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja anayeuza makaa Silanga, huku Kibera, aliletwa kwangu na uvimbe begani. Kila alikopita aliambiwa ni kovu tu. Nilikata kipande cha kupima, nikapiga picha, nikamwambia angoje simu.

Jibu likatoka: saratani, tena ya aina niliyokuwa nikiitafuta tangu chuoni. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilifurahi. Niliandika makala, nikapanda ndege, nikaonyesha bega lake mbele ya wageni, wakapiga makofi. Kwa makala hiyo nikawa profesa. Simu nilimwachia msaidizi, msaidizi akamwachia sista, sista akapata namba imezimwa. Sikuuliza tena.

Baadaye muuguzi mmoja wa Makina aliniomba nije kupima watu Kibera. Wacha nisiwafiche, nilikuja nionekane. Kwenye foleni nililitambua lile bega kabla ya uso. Uvimbe ulikuwa umepasuka, umefunikwa kwa kipande cha leso, unanuka. Nikarudi nyuma hatua moja. Mama akaniuliza polepole, "Daktari, ile nyama yangu ilisema nini?"

Nilitoka nikatapika nyuma ya choo. Si kwa sababu ya kidonda. Nilijiona, mtu mzima niliyepata cheo kwa nyama ya mwenzangu. Yule muuguzi alinifuata na kikombe cha maji. "Ukimaliza, rudi umjibu," akasema.

Nikarudi, nikamwambia yote, hata ya makofi. Hakunisamehe. Alisema tu, "Basi itoe."

Daktari mpasuaji niliyesoma naye aliukata uvimbe kwa upana, pamoja na nyama iliyouzunguka. Ule mkono hauinui gunia tena, lakini mama yuko hai na makaa anauza. Siku hizi kila Ijumaa niko hapa Kibera, na siandiki neno kabla mwenye mwili hajasikia jibu lake kutoka kwangu.

Namshukuru muuguzi yule kwa kutonibembeleza. Namshukuru mama, aliyenikubalia nimfunge kidonda kwa mikono hii. Kinyaa cha nafsi yangu hakijaisha, wala siombi kiishe. Nanyi, ndugu zangu, daktari akikukata, usiogope cheo chake. Mfuate hadi mlangoni umuulize jibu.