Saa za Mvua

Katika basi la kuelekea ofisi za jiji, mzee mstaafu wa bustani za jiji alikaa na binti mwenye sare kama aliyoivaa yeye zamani. Binti ni kibarua wa bustani hizo, anayelipwa kwa saa. Leo wenzake wamemtuma akajibu kama wanakubali pendekezo la jiji: nyongeza kwa kila saa, ila saa za mvua wasilipwe.

"Usikubali, mjukuu wangu! Sisi ikinyesha tulijibanza kwenye kibanda cha majembe, na malipo hayakukatwa. Mwaka mmoja ilinyesha mpaka mipini ikachipua majani!"

Sisi wa kiti cha nyuma tuliguna.

"Babu, hiyo nyongeza ningeila kiangazi chote."

"Na masika ule nini? Marehemu bibi yako nilimpata humo kibandani, tukingoja mvua ikatike."

"Kumbe jiji lilikulipa kwa saa uchumbie!"

Mzee alicheka hadi akafuta machozi, na kicheko kilipokwisha akaendelea kuyafuta.

Basi likasimama. "Kibanda kilishabomolewa, babu," binti alisema taratibu. "Siku hizi tunajibanza kituo cha basi, kila mtu na simu yake." Akashuka.

Mzee akachungulia dirishani. "Basi kadai na kibanda!"