Hilari Ligamba na Visiki Alivyovikata Usawa wa Ardhi

Baba Padri, wazee wa Idete na Mofu, ndugu na majirani mlioanza safari kabla ya jua, familia inaomba mtulie kidogo ili maisha ya Hilari yasomwe kabla udongo haujamfunika.

Hilari Ligamba alizaliwa Mofu, mtoto wa pili wa marehemu mzee Kelestini Ligamba na Mama Balbina, na cheti chake cha ubatizo kinataja tarehe 14 Machi 1914, ingawa mama yake, ambaye yupo nasi hapa, anashikilia kwamba mtoto alikuwa ameanza kutambaa siku alipomwagiwa maji, hivyo yawezekana tarehe hiyo ni ya ubatizo na si ya kuzaliwa, nayo familia inaisoma kama ilivyoandikwa kwa kuwa haina nyingine.

Alisoma shule ya misheni ya Mofu tangu mwaka 1923 hadi 1927, akamaliza darasa la nne, na mwaka 1930 akapokelewa katika karakana ya useremala Ifakara, ambako alifundishwa kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, kazi aliyoifanya hadi Desemba 1952, na huko ndiko alikojifunza jambo lililomkaa mkononi maisha yake yote, kwamba mti hukatwa chini kabisa, kwa sababu kila kipande kinachoachwa kwenye kisiki ni ubao uliotupwa.

Tarehe 8 Mei 1937 alifunga ndoa kanisani Ifakara na Apolonia, binti wa mzee Marselino wa Mchombe, wakajaliwa watoto watano, wawili kati yao wakatangulia wakiwa wachanga, waliobaki ni Polikarpo, Tekla na Natalia.

Mwaka 1953 alihamia hapa Idete akapewa ekari tatu za msitu, na kwa kuwa hapo alitafuta shamba wala si mbao, akafyeka kama wanavyofyeka wote bondeni, yaani mti hukatwa usawa wa kifua na jembe huzunguka kisiki, kisiki nacho huwa nguzo ya dungu la kulindia mpunga au mahali pa kutundika nguo ya mtoto, na kwa miaka minne Apolonia alilima hivyo bila kulalamika.

Mwaka 1957 ulipokuja mpango wa kulimiwa kwa trekta, sharti lilikuwa moja, shamba lisiwe na kisiki hata kimoja, kwa kuwa plau huvunjika, na Hilari aliutaka mpango huo kuliko kitu chochote, kwa maneno yake mwenyewe ili Natalia, aliyekuwa amekwisha kupata nafasi katika shule ya kati ya wasichana, asiitwe nyumbani kila msimu wa jembe.

Basi mwezi Julai alikwenda Ifakara kwa Bwana Yunusi, kontrakta mwenye trekta na mnyororo wa kung'olea, wakapatana kwa mdomo, mbele ya mashahidi wawili, shilingi tano kwa kila kisiki, na visiki vilikuwa arobaini. Aliporudi, akiamini kwamba kisiki kifupi ni kazi ndogo na kazi ndogo haiwezi kuzua madai ya nyongeza, alitoa msumeno wake akaanza kuvikata vyote usawa wa ardhi. Apolonia alimwambia, "Baba Polikarpo, si umuulize kwanza huyo mwenye trekta?" naye akajibu, "Mti naujua mimi kuliko trekta," na jirani yetu Fulgensi, kila alipopita, aliuliza kama shamba limenyolewa kwa ajili ya harusi au kwa ajili ya kifungo.

Bwana Yunusi alifika tarehe 16 Septemba 1957, akatembea shambani, kisha akasema, "Mzee Hilari, umenikatia mkono wa kushikia, sasa mnyororo nifunge wapi, kwenye udongo?" Marehemu akasema, "Bwana Yunusi, mimi nilitaka kukupunguzia kazi," na wote waliokuwapo wanakubali kwamba hakuna aliyecheka. Kisiki kirefu hufungwa juu na kung'olewa kama jino, kifupi lazima kichimbwe hadi mizizi, kwa vibarua, na bei ikawa shilingi kumi na mbili kwa kila kisiki.

Yamesemwa mengi tangu siku ile, na ni haki yapimwe hapa. Imesemwa kwamba Bwana Yunusi alimdhulumu, lakini vibarua walionekana na mashimo yalionekana, na bei ya kwanza ilitajwa wakati visiki vikiwa vimesimama. Imesemwa pia kwamba marehemu alilazimishwa kuikubali bei mpya, lakini hakulazimishwa na mtu, mvua zilikuwa karibu na trekta ilikuwa imekwisha kufika. Fedha iliyotengwa, shilingi mia mbili, iliisha kabla hata nusu ya visiki haijang'olewa, ndipo ikachukuliwa ada ya Natalia, na Apolonia ameomba isomwe wazi kwamba yeye ndiye aliyeitoa sandukuni, kwa mkono wake. Hiyo nayo iliishia kwenye kisiki cha ishirini na sita.

Vikabaki kumi na vinne. Mvua zilijaza mashimo, trekta ya kulima haikuingia, na Januari 1958 shule ilifunguliwa bila Natalia.

Kiangazi cha mwaka huu Hilari alivichimba mwenyewe, na tarehe 24 Septemba shoka liliteleza likamkata mguu, akafunga kitambaa akaendelea, hadi taya zilipoanza kukaza akapelekwa hospitali ya misheni Ifakara, ikaonekana ni pepopunda. Wapo wanaosimulia kwamba alimwomba Natalia radhi kabla ya kufa. Familia ingependa iwe hivyo, lakini taya zilikuwa zimefungwa, na Apolonia, ambaye hakuondoka kando ya kitanda, anasema marehemu alimtazama tu binti yake, na kwamba yeye hajui alitaka kusema nini. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 1958.

Tunawashukuru waganga na masista waliofanya yote yaliyowezekana, wapasua mbao wenzake wa Ifakara waliotengeneza jeneza hili, majirani wa Idete, na Bwana Yunusi, aliyeleta maiti kwa gari lake na ambaye familia haina la kumdai.

Vijana mmejitolea kuvimalizia visiki vilivyobaki, hata majembe mmekuja nayo. Mjane anawashukuru, na anaomba visiguswe, kwa kuwa mvua zikianza yeye na Natalia watalima kwa kuvizunguka.

Hilari, mwana wa Kelestini, weka chini shoka, upumzike kwa amani.