Noah ya Akonaay Inamisi

SYLVESTER: Haloo? Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

VEREDIANA: Ni mimi, shemeji. Verediana. Nimeazima simu ya Scolastica, yangu imeisha chaji.

SYLVESTER: Aa, shikamoo shemeji.

VEREDIANA: Marahaba. Uko na mume wangu?

SYLVESTER: Niko mlangoni mwa mochwari hapa Katesh. Kaka nimeshamvalisha, jeneza liko tayari. Tunakusubiri wewe na ile Noah yake tu. Umefika wapi?

VEREDIANA: Niko nyumbani.

SYLVESTER: Endasak? Shemeji, misa ni saa nane, padri ame—

VEREDIANA: Gari inamisi.

SYLVESTER: Inamisi vipi?

VEREDIANA: Inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Imefika getini ikazima. Na taa ya injini inawaka.

SYLVESTER: Mbona juzi niliiendesha mwenyewe, ilikuwa safi!

VEREDIANA: Juzi ilikuwa haijaoshwa.

SYLVESTER: Kaiosha nani?

VEREDIANA: Kina mama wa jumuiya. Scolastica alisema Akonaay hawezi kurudi nyumbani kwake na gari yenye vumbi. Wameosha viti, wameosha matairi—

SYLVESTER: Boneti hawakufungua, lakini.

VEREDIANA: Walifungua.

SYLVESTER: Usiniambie, shemeji.

VEREDIANA: Wameimwagia injini maji ya ndoo. Na sabuni. Huku wanaimba.

SYLVESTER: Mungu wangu. Na wewe ulikuwa wapi?

VEREDIANA: Nilikaa palepale nawaangalia. Nilijua ni makosa. Sikusema. Tangu juzi naona vitu tu, shemeji, vinapita.

SYLVESTER: [mtandao unakwaruza] ...haloo? Unanipata?

VEREDIANA: Nakupata.

SYLVESTER: Maji yameua koili moja, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Sasa sikia, Yonas yuko hapa na pikapu yake, anaweza kutu—

VEREDIANA: Ile anayobebea nguruwe?

SYLVESTER: Tutaiosha.

VEREDIANA: Msioshe tena kitu, jamani.

SYLVESTER: Shemeji, muda—

VEREDIANA: Mwenyewe alisema. Krismasi, ulikuwepo. "Siku yangu msinipakie kwenye gari ya watu, mimi nina gari." Mkacheka wote.

SYLVESTER: Nilicheka, ndiyo.

VEREDIANA: Basi niambie nifanye nini.

SYLVESTER: Tafuta fundi.

VEREDIANA: Fundi yuko Balangdalalu, hapatikani. Mimi ndiye nilikuwa namshikia Akonaay tochi. Wewe sema, mimi nafanya.

SYLVESTER: [anashusha pumzi] Haya. Washa. Usikanyage mafuta, iache iungurume yenyewe.

VEREDIANA: [injini inakohoa] Unaisikia?

SYLVESTER: Duh! Naisikia. Sasa, juu ya injini kuna koili nne kwenye mstari. Kila moja ina soketi ya waya. Chomoa soketi moja, sikiliza, rudisha. Shika plastiki, usiguse chuma.

VEREDIANA: Nachomoa ya kwanza. Imeshtuka. Inataka kuzima.

SYLVESTER: Rudisha, hiyo nzima. Ya pili?

VEREDIANA: Nayo imeshtuka.

SYLVESTER: Rudisha. Ya tatu?

VEREDIANA: [injini inaunguruma]

SYLVESTER: Haloo? Shemeji?

VEREDIANA: Haijashtuka. Nimechomoa na inaunguruma vilevile. Kama sijagusa kitu.

SYLVESTER: Ndiyo hiyo! Koili ikishakufa, uichomoe usiichomoe, gari haina habari.

VEREDIANA: Haina habari.

SYLVESTER: Ee.

VEREDIANA: Mimi sijalia, Sylvester. Watu wananiangalia. Perpetua wa jumuiya ameniuliza kama nimeelewa kilichotokea. Nimeelewa. Ila hakuna kinachonishtua.

SYLVESTER: Hata mimi. Nimemfunga kaka vifungo vya shati kama namwandaa mtoto kwenda shule. Tutalia tu, shemeji. Zima gari kwanza.

VEREDIANA: Nimezima.

SYLVESTER: Chukua spana namba kumi, hapo pana bolti moja—

VEREDIANA: Ninayo. Inatoka. Sasa nazungusha kidogo halafu navuta juu, si ndiyo? Alikuwa anasema usiivunje shingo.

SYLVESTER: Ehee! Hivyohivyo.

VEREDIANA: Imetoka. Inachuruzika maji. Na shimo lake lina maji.

SYLVESTER: Funga kitambaa kwenye kijiti, kausha mpaka kitoke kikavu. Na mashimo mengine ukague. Halafu kuna koili ya akiba, kaka aliinunua Arusha, alikuwa hatembei bila hiyo. Tafuta lile koti lake la kijani.

VEREDIANA: Nimelivaa.

SYLVESTER: Umelivaa?

VEREDIANA: Kuna baridi. Sijalivua tangu juzi.

SYLVESTER: Basi ingiza mkono mfuko wa ndani.

VEREDIANA: [wanawake wanaimba kwa mbali]

SYLVESTER: Haloo? Ipo?

VEREDIANA: Ipo.

SYLVESTER: Afadhali! Sasa ifun—

VEREDIANA: Ameifunga kwenye soksi.

SYLVESTER: Soksi?

VEREDIANA: Ile nyeusi. Nimeitafuta nyumba nzima, nimemwaga kabati lote chini. Nguo nilizokupa zilikuwa na soksi moja.

SYLVESTER: Moja, ndiyo.

VEREDIANA: Uliona?

SYLVESTER: Niliona. Sikutaka kukusumbua.

VEREDIANA: Umemvalisha hiyohiyo moja?

SYLVESTER: Mguu wa kulia. Wa kushoto nimeweka kiatu tu, shemeji, haionekani.

VEREDIANA: Wa kushoto ndio unaomsumbua kwenye baridi. Kila usiku ananiwekea huo huo mgongoni. Wa barafu. Namfukuza, anarudi—

SYLVESTER: Shemeji. Unalia?

VEREDIANA: Ngoja nimalize bolti.

SYLVESTER: Malizia taratibu. Sukuma koili mpaka ikae, ndipo ufunge. Soketi uisukume mpaka ilie "ka."

VEREDIANA: Mashimo mengine yalikuwa na maji kidogo tu, nimekausha. Hii... imelia. Nawasha.

SYLVESTER: Washa.

VEREDIANA: [injini inawaka, inaunguruma sawasawa]

SYLVESTER: Imetulia! Shemeji, imetulia kabisa! Taa je?

VEREDIANA: Sijui. Sioni vizuri. Machozi.

SYLVESTER: Wacha taa, njoo. Njia ina tope, usikimbize.

VEREDIANA: Scolastica anasema salio lake linaisha—

SYLVESTER: Haraka basi. Hiyo soksi njoo nayo.

VEREDIANA: Ina grisi.

SYLVESTER: Njoo nayo hivyohivyo!

VEREDIANA: Wasifunge jeneza, Sylvester. Unasikia? Mvue hicho kiatu cha kushoto. Nakuja kumvalisha mwe—

[simu inakatika]